Kubuni mbeleko nyepesi isiyomchosha mlezi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetaka kubuni, kushona au kuboresha mbeleko ya mikanda: fundi cherehani, mwanafunzi wa usanifu, au mzazi ambaye mgongo umeshaanza kumlalamikia. Majibu mengine ni marefu na mengine mafupi. La kwanza lisome hata kama hukulijia, maana mengi yanayofuata yanaliegemea.

Nikiipunguza mbeleko uzito, si mlezi atachoka kidogo?

Atachoka kidogo kweli, lakini nafuu hiyo ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mbeleko nyingi za mikanda zina gramu 500 hadi 900. Ukichagua vitambaa kwa makini unaweza kuishusha moja hadi gramu 350 au 400, kwa hiyo umeokoa kama nusu kilo. Sasa mtazame mtoto. Anazaliwa na kilo tatu na ushei, akifika miezi mitano hivi uzito huo umekuwa maradufu, na akikaribia mwaka umekuwa mara tatu. Nusu kilo uliyoihangaikia kwenye kitambaa, yeye anairudisha ndani ya wiki chache.

Kinachomchosha mlezi zaidi ni umbali. Chukua mtoto wa kilo 7 aliyebebwa mbele, kitovu cha uzito wake kikiwa sentimita 25 kutoka uti wa mgongo wa mlezi. Saba mara 25 ni 175. Misuli ya mgongo inayomzuia mlezi asiinamie mbele imekaa jirani kabisa na uti, kama sentimita 5 tu, hivyo ili mambo yalingane inabidi ivute kwa nguvu ya kilo 35. Mvuto huo wote unazibana pingili za kiuno, na uzito wa mtoto mwenyewe bado uko palepale.

Msogeze mtoto karibu kwa sentimita 3. Saba mara 22 ni 154, na misuli sasa inavuta kama kilo 31. Umeipunguzia takriban kilo 4 kwa kukaza mikanda tu. Ile nusu kilo ya kitambaa, hata tukichukulia kwamba yote ilikuwa mbele aliko mtoto, ingeipunguzia kilo 2 na nusu. Na kwa kuwa sehemu kubwa ya mbeleko imezunguka kiuno na mabega, ukweli ni pungufu ya hapo.

NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, inaliona jambo hilohilo katika kanuni yake ya kuinua mizigo. Inaanza na kilo 23 kwa mzigo ulio sentimita 25 mbele ya vifundo vya miguu. Umbali ukifika sentimita 50, kikomo kinashuka hadi nusu. Kanuni hiyo iliwekwa kwa ajili ya mizigo ya kazini na haikumkusudia mtoto anayefurukuta, lakini uti wa mgongo ni uleule.

Kwa hiyo mbeleko nyepesi inayolegea na kumwacha mtoto aning'inie ni nzito kwa mlezi kuliko ile ya gramu 800 iliyomshika mtoto kifuani. Shughulikia umbali kwanza, gramu baadaye.

Vipi kuhusu kile kiti cha plastiki chenye mpini, kinachotoka kwenye gari mtoto akiwa ndani?

Hicho ndicho kibebeo kinachoumiza kuliko vyote kikitumiwa kwa kutembea. Kiti kitupu kina kilo 3 hadi 5. Mweke ndani mtoto wa kilo 6 na umefika kilo 10 katika mkono mmoja, tena mkono ambao haupo wima: mlezi anausukuma nje ili kiti kisimgonge mguu, huku kiwiliwili kinapinda upande wa pili kutafuta mizani. Bega, kiwiko na kiuno vyote vinalipa.

Usijaribu kukipunguza uzito kwa kulifanya ganda lake jembamba. Ganda hilo lipo kumlinda mtoto gari likigonga. Ushauri wangu ni kukiacha ndani ya gari, mtoto atolewe na kuwekwa kwenye mbeleko. Kinyume chake hakifai hata mara moja: mbeleko si kiti cha gari, na mtoto asisafiri ndani yake gari likiwa kwenye mwendo, hata kama mlezi amejifunga mkanda.

Uzito ukitoka mikononi, uende wapi?

Uende kwenye fupanyonga. Mabega yamening'inizwa kwa misuli na yanachoka haraka; nyonga ni mfupa mpana uliokaa juu ya miguu. Mkanda wa kiuno ukikaa vizuri juu ya ukingo wa mfupa huo, sehemu kubwa ya uzito inashukia hapo, na mabega yanabaki na kazi ya kumvuta mtoto awe karibu.

Kosa la kawaida kwenye mbeleko za kwanza ni mkanda wa kiuno ulionyooka kama rula. Mwili wa watu wengi unapanuka kutoka kiunoni kwenda nyongani, kwa hiyo mkanda ulionyooka hubana ukingo mmoja tu, kisha hujikunja na kugeuka kamba. Ukate kwa mpindo mdogo, ukingo wa chini uwe mrefu kidogo kuliko wa juu, na uweke ndani yake kitu kigumu kiasi cha kuzuia kujikunja. Sponji peke yake haitoshi. Karatasi nyembamba ya plastiki inayopindika, ikiwekwa katikati ya sponji, hufanya kazi nzuri kwa gramu chache.

Ukitaka kujua kama mkanda unabeba, mvalishe mtu mbeleko yenye mfuko wa mchanga, kisha legeza mikanda ya mabega taratibu. Mfuko ukiegama nje lakini usishuke, kiuno kinafanya kazi. Ukishuka hadi mapajani, mkanda ni pambo.

Kuna mlezi mmoja wa kumfikiria kwa namna ya pekee: mama aliyejifungua kwa upasuaji. Mkanda usipite juu ya kovu. Mwachie nafasi ya kuufunga juu, chini ya mbavu, na hakikisha mikanda ya mabega bado inatosha urefu akifanya hivyo. Hata aliyejifungua kwa njia ya kawaida ana misuli ya tumbo iliyotanuka na sakafu ya nyonga iliyochoka. Mkanda unaokandamiza tumbo kwa nguvu haumsaidii, na akihisi uzito au maumivu chini ya kitovu anapaswa kuivua na kumwona mhudumu wa afya.

Mikanda ya mabega iwe na upana gani?

Sentimita 6 hadi 8 pale inapolala begani, ikipungua kadiri inavyoshuka. Ni suala la eneo tu: nguvu ileile ikitandazwa kwenye upana wa sentimita 7 badala ya 2 na nusu, kila sehemu ya ngozi inapata takriban theluthi moja ya shinikizo. Lakini ukipita sentimita 9 au 10 mkanda unaanza kumkwaruza mlezi shingoni na kumzuia kuinua mkono, kwa hiyo usidhani kwamba kipana zaidi ni bora daima.

Unene wa sponji unawadanganya wengi. Ibane kati ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikikaribia kukutana, sponji hiyo italala chapati chini ya mtoto na mlezi atakuwa amebeba unene usiofanya kazi. Sponji ngumu ya milimita 6 hadi 8 inashinda laini ya sentimita mbili, na ni nyepesi zaidi.

Mlezi akihisi ganzi au vidole kuchoma, mkanda umekaa karibu mno na shingo au umeingia kwapani, mahali ambapo mishipa ya fahamu ya mkono hupita. Mikanda inayokatiza mgongoni kwa umbo la X hutulia vizuri kwa wengi na huondoa haja ya mkanda mdogo wa kuunganisha mabega. Ubaya wake ni kwamba kuivaa bila msaada kunahitaji mazoezi.

Mtoto akae vipi ili nyonga zake zisidhurike?

Magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, mapaja yamefunguka na kushikiliwa na kitambaa kuanzia nyuma ya goti moja hadi la pili. Ukimtazama kwa mbele unaona umbo la herufi M. Kichwa cha mfupa wa paja kwa mtoto mchanga kimekaa kwenye kikombe ambacho bado ni gegedu kwa sehemu kubwa; mkao huu unakiweka ndani, wakati miguu iliyoning'inia wima, ikibebwa na kitambaa chembamba katikati, unakivutia nje. International Hip Dysplasia Institute, shirika linalojihusisha na tatizo la kiungo cha nyonga kutokaa sawasawa, linapendekeza mkao wa M kwa watoto wanaobebwa, hasa katika miezi sita ya mwanzo.

Kwa mbunifu hii ina maana moja: upana wa kitako lazima ubadilike. Wa mtoto wa mwezi mmoja ukimpa wa miezi kumi, mapaja yanabaki hewani. Wa miezi kumi ukimpa mchanga, unamtanua miguu kupita kiasi. Kamba ya kukusanya kitambaa, au vipande vya kunata vyenye hatua tatu nne, vinatosha. Na kuna faida kwa mlezi pia: mtoto aliyekaa kwa M hushika kiwiliwili cha anayembeba, badala ya kuning'inia mbele yake.

Ni hatari gani kubwa kuliko zote?

Kukosa pumzi. Machi 2010, tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji, CPSC, ilitoa onyo kuhusu mbeleko za kitambaa za kuning'iniza begani baada ya kubaini vifo visivyopungua 14 katika miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa chini ya miezi minne. Njia zilikuwa mbili. Ama kitambaa au mwili wa mlezi unaziba pua na mdomo, ama mtoto anajikunja, kidevu kinagusa kifua na njia ya hewa inabanwa. Mtoto wa umri huo hana nguvu ya shingo ya kujinasua, na hawezi kulia ili umsikie.

Mbunifu anaweza kulizuia hili kwenye meza ya kukatia. Usitengeneze mfuko wenye kina ambao mtoto anazama ndani yake. Paneli ya mgongo ipande hadi usawa wa masikio, isipite hapo. Kishikio cha kichwa kishike shingo kutoka nyuma bila kuisukuma mbele, maana msukumo huo ndio unaokipeleka kidevu kifuani. Na mkao uwe wima, sehemu ya juu ya kichwa ikiwa mahali ambapo mlezi anaweza kuibusu kwa kuinamisha kichwa kidogo tu.

Kwa anayetumia, vipimo ni vichache na vinafaa kushonwa kwenye lebo isiyofutika: uso unaonekana wakati wote, mgongo umeshikiliwa, na vidole viwili vinapita kati ya kidevu na kifua. Kwa aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzito mdogo, au mwenye mafua yanayoziba pua, mlezi aulize kwanza mhudumu wa afya.

Nichague vitambaa gani?

Hapa ndipo wepesi unapopatikana bila kumwibia mtu kitu. Kanvasi ya pamba ina takriban gramu 300 kwa mita ya mraba, ni imara na inapitisha hewa, ila ikilowa inakuwa nzito na inachelewa kukauka. Nailoni nyembamba yenye miraba ya uzi mnene, ile inayozuia mchaniko kuendelea, inashuka hadi gramu 40 hadi 70. Udhaifu wake ni joto: inashika jasho na kunata. Njia ninayoipenda ni kuchanganya. Paneli ya mgongo wa mtoto iwe ya neti nene ya tabaka tatu, kama ile ya migongo ya mabegi, na nailoni ibaki kwenye kitambaa cha nje cha mkanda wa kiuno na sehemu zisizogusa ngozi.

Kwa mikanda yenyewe, chagua poliesta kabla ya nailoni. Nailoni hunyonya maji na kurefuka, na mkanda unaorefuka mtoto akiwa ndani unarudisha zile sentimita ulizozipigania. Poliesta hustahimili jua vizuri zaidi pia. Uzi wa kushonea uwe poliesta. Wa pamba huoza kwa jasho na kufua.

Ni wapi nisipunguze hata gramu moja?

Bizimu, mishono inayobeba mzigo, na mikanda. Angalia kwa karibu mahali ambapo mkanda wa bega unaingia kwenye paneli. Hapo ndipo mbeleko hufa. Kila mtoto anaporuka, nguvu yote inapita kwenye kipande kidogo kuliko kiganja. Mkanda ukiwa umeshikwa na mshono mmoja ulionyooka, mtoto anaufungua kama bahasha, tundu baada ya tundu. Uingize mkanda ndani ya paneli kwa sentimita 5 au zaidi, ushone sanduku lenye X katikati, kisha uufunge kwa zigizagi ya karibukaribu kwenye ncha zote mbili. Chini ya mshono weka kipande cha kitambaa kigumu ili nguvu isambae. Uzi wa ziada hauna hata gramu moja.

Pa kupunguza ni kwingine: mifuko, bitana mara mbili, mapambo, na mikanda inayoning'inia robo mita baada ya kukazwa. Hiyo ya mwisho ikate kwa kipimo cha mtu mnene zaidi unayemkusudia, uikunje ncha na kuishona ili isichomoke kwenye bizimu.

Kwa nini walezi wanalalamika kifundo cha mkono wakati mtoto yuko kwenye mbeleko?

Kwa sababu maumivu hayatoki kwenye kubeba, yanatoka kwenye kumweka na kumtoa. Mtazame mtu akimwinua mtoto kutoka kitandani: mikono inapita chini ya kwapa za mtoto, vidole gumba vimefunguka, vifundo vimepinda. Tendo hilo likirudiwa kutwa kucha, kano mbili za upande wa kidole gumba huvimba ndani ya ala yake. Daktari wa upasuaji wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliuelezea ugonjwa huo mwaka 1895 na bado unaitwa kwa jina lake. Mama wa watoto wachanga huupata sana.

Mbeleko nzuri inapunguza idadi ya mara za kuinua na inapunguza kupinda kwa kifundo. Bizimu zifungike kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa mgongoni kwa mtoto. Mikanda ikazwe kwa kuvuta mbele au chini, si nyuma ya bega. Bizimu ya kati ya mabega ifikiwe bila mlezi kujipinda. Ukiona watu wanamwita mwenzao aje kuifunga, iteremshe au badilisha mpangilio. Na kwa usalama, bizimu ya kiuno isifunguke kwa kubonyezwa mara moja kwa bahati mbaya. Yenye hatua mbili au tatu ni bora, mradi vidole vyenye maumivu viiweze.

Mtoto aangalie mbele, amwelekee mlezi, au abebwe mgongoni?

Kumwelekea mlezi ndiyo kwanza, na kwa miezi ya mwanzo ndiyo pekee. Kuangalia mbele kunausogeza uzito nje, mtoto hana cha kukumbatia, mapaja mara nyingi hukosa kushikiliwa, na akisinzia kichwa kinaanguka mbele. Ukiiruhusu, iwe baada ya shingo kukaza kabisa, kwa muda mfupi, mtoto akiwa macho.

Mgongoni ni nafuu kubwa kwa mlezi mtoto akishakuwa mzito. Uzito unakaa karibu na uti, kifua kinapumua na miguu inaonekana. Gharama yake ni kwamba humwoni mtoto usoni, ndiyo maana inafaa kusubiri hadi aweze kushika kichwa imara, na wabunifu wengi hutaja miezi sita hivi au mtoto kuweza kuketi.

Watu wawili wenye miili tofauti wanaweza kutumia moja?

Wanapaswa kuweza. Wengi hupima mzunguko wa kiuno na kusahau urefu wa kiwiliwili, ambao ndio unaoamua kama mkanda wa bega unafika mahali pake. Mpe mbeleko yako mtu mfupi sana na mrefu sana unaowajua kabla ya kuwapa wa katikati. Weka alama za uzi wa rangi kwenye mikanda, kila mlezi na rangi yake, ili asipoteze muda kukaza upya huku mtoto analia.

Nitaijaribuje kabla ya kumweka mtoto?

Anza na mfuko wa mchanga wenye uzito wa juu kabisa unaoukusudia. Kisha uning'inize mara tatu ya uzito huo kwenye mbeleko iliyovishwa kiwiliwili cha mbao, uuache, halafu kagua kila mshono na pima kama mikanda imeteleza. Baada ya hapo udondoshe mfuko kutoka kimo kidogo mara nyingi sana, maana mishono huchoshwa na marudio kuliko uzito. Ifue, ikaushe, rudia.

Kwa upande wa mlezi, mwache atembee nusu saa, apande ngazi, achuchumae kuokota kitu. Kila baada ya dakika kumi mwulize uchovu wa mabega, kiuno na shingo kwa kipimo cha 0 hadi 10, kwa mtindo aliouanzisha mwanasaikolojia wa Sweden Gunnar Borg. Linganisha na mbeleko nyingine yenye mzigo uleule, kwa mtu yuleyule. Namba za siku moja bila cha kulinganisha hazikuambii lolote.

Ukitaka kuuza, hayo hayatoshi. Kuna viwango rasmi: ASTM F2236 kwa mbeleko laini za mikanda na ASTM F2907 kwa zile za kitambaa za begani, vyote vikiwa sehemu ya sheria za Marekani, na EN 13209-2 kwa Ulaya. Vinagusa nguvu ya mishono, ukubwa wa matundu ya miguu, bizimu na maandishi ya onyo. Tafuta kinachotumika unakouzia, na majaribio yafanywe na maabara.

Je, mbeleko ya mikanda ni bora kuliko kitambaa cha kufunga?

Hapana. Kitambaa kikifungwa na mtu anayekijua kinamleta mtoto karibu kuliko bizimu yoyote, na ni chepesi mno. Muuguzi wa Kimarekani Ann Moore alikiona Togo miaka ya 1960 akiwa mfanyakazi wa kujitolea, na akiwa na mama yake Lucy Aukerman akakigeuza kuwa mbeleko ya mikanda iliyoitwa Snugli, iliyopata hataza mwaka 1969. Bizimu zilikuja kumsaidia asiyejua kufunga. Kwa hiyo unapokwama kwenye mchoro, rudi ukatazame jinsi kitambaa kinavyopita chini ya makalio, juu ya mgongo wa mtoto, hadi kwenye mwili wa mlezi bila pengo.

Mbeleko itumike hadi lini?

Hadi uzito ulioandikwa kwenye lebo, au hadi mshono wa kwanza unapofunguka, kinachotangulia. Kila baada ya kufua, pitisha kidole kwenye mishono ya mabega na kiuno, kunja bizimu kidogo uone kama ina ufa, na tazama kama mkanda umeanza kutoa manyoya au kupauka kwa jua. Bizimu iliyopasuka haiungwi kwa gundi. Ikishafika mwisho, kata mikanda yote kwa mkasi kabla ya kuitupa, ili mtu asiiokote na kumbebea mtoto.